Gia 21 za baiskeli: uzitumieje, na kwa nini cheni inaruka

Msomaji wa Nzuguni, Dodoma, anauliza: "Nimenunua baiskeli ya mtumba yenye gia 21 ili niende nayo kazini Mji wa Serikali, Mtumba. Aliyeniuzia aliniambia niweke 3 na 7 nisiguse tena, ndiyo gia ya mwendo. Asubuhi upepo unanirudisha nyuma, magoti yananiuma, na Jumamosi nikipanda UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) kwenye masomo nikijaribu kubadilisha gia cheni inagonga, inaruka, siku nyingine inachomoka kabisa. Fundi anashauri tutoe gia zote tufunge moja kama ya zile baiskeli za Phoenix. Nikubali?"

Usikubali kwanza, dada yangu. Hapo kuna mambo mawili yaliyochanganyika. Moja ni gia unayotembelea, ambayo haifai kwa safari yako. La pili ni kwamba kuna kitu kimechakaa au kimelegea. Lile la kwanza unaweza kulimaliza kesho asubuhi bila kutoa hata senti. La pili litahitaji tepu ya chuma ya seremala, bisibisi ya nyota, na pengine cheni mpya.

Tuanze na hiyo 3 na 7. Mbele, kwenye krenki inayoshika pedeli, una spoketi tatu, yaani duara za meno zinazovuta cheni; nyuma friwili ina spoketi saba. Tatu mara saba ndiyo 21. Baiskeli nyingi za aina yako zina meno 42, 34 na 24 mbele, na nyuma meno 14, 16, 18, 20, 22, 24 na 28. Angalia za kwako: mara nyingi idadi imegongwa ubavuni mwa spoketi, na kama imefutika, tia alama ya chaki kwenye jino moja uhesabu hadi urudi hapo. Mifano yangu yote inafuata namba hizo, pamoja na tairi ya inchi 26 yenye upana wa 1.95, ambayo ikizunguka mara moja inasogea takriban mita 2.05.

Gia ni hesabu ya kugawanya tu. Meno ya mbele gawanya kwa meno ya nyuma, unapata gurudumu litazunguka mara ngapi pedeli ikizunguka mara moja. Hiyo 3 na 7 yako ni 42 kwa 14, yaani 3. Kila ukizungusha pedeli duara moja unasogea mita 6.15. Upande wa pili kabisa, 1 na 1, ni 24 kwa 28: hata mzunguko mmoja kamili haufiki, unasogea mita 1.76 tu. Baiskeli ni ileile, miguu ni ileile, lakini umbali wa mkanyago mmoja umetofautiana mara tatu na nusu. Umekuwa ukitembelea gia nzito kuliko zote ulizo nazo, kila siku, hata ukikabiliana na upepo.

Angalia hili kwa karibu, kwa sababu maumivu ya magoti yako yapo hapa. Tuseme upepo umekushusha hadi mwendo wa kilomita 15 kwa saa hivi. Ukiwa kwenye 42 na 14, miguu inazunguka mara 40 kwa dakika. Ukihamia 34 mbele na 20 nyuma, kwa mwendo uleule, inazunguka mara 70. Kazi ya jumla haijapungua, maana upepo ni uleule na barabara ni ileile. Kilichobadilika ni ukubwa wa kila msukumo: kama kwenye 34 na 20 unakanyaga pedeli kwa nguvu ya kilo 20, kwenye 42 na 14 unaikanyaga kwa nguvu ya kilo 35. Mapafu yanavumilia kuzungusha haraka. Goti halivumilii kubebeshwa kilo 35 mara elfu kadhaa kila asubuhi. Gia haikupi nguvu usiyokuwa nayo. Inakuruhusu kuitoa kidogo kidogo mara nyingi badala ya nyingi mara chache.

Kwa hiyo kinachopaswa kukaa palepale ni mzunguko wa miguu, na gia ndiyo ibadilike kulingana na barabara. Lenga mizunguko 70 hadi 80 kwa dakika mahali tambarare, na usishuke chini ya 60 unapopanda. Kupima ni rahisi: hesabu goti la kulia linapanda mara ngapi kwa sekunde 15. Likipanda mara 17 hadi 20, uko sawa. Likipanda mara 10, gia ni nzito. Ukifika 25 na makalio yanarukaruka kwenye siti, gia imekuwa nyepesi mno, ongeza moja. Siku tatu za kwanza utaona kama unapiga miguu hewani, kwa kuwa mwili umezoea kusukuma. Vumilia.

Sasa mikono ya kubadilishia. Ule wa kushoto unaendesha spoketi za mbele, wa kulia unaendesha za nyuma. Kinachowachanganya wengi ni kwamba mbele na nyuma zinapingana: spoketi kubwa mbele ni nzito, spoketi kubwa nyuma ni nyepesi. Ukipata shaka barabarani, usiangalie namba. Kumbuka kwamba cheni ikisogea kuelekea ndani, mbele upande wa fremu na nyuma upande wa spoku, gia inakuwa nyepesi. Ikisogea nje, inakuwa nzito. Kanuni hiyo ni moja mbele na nyuma.

Halafu acha kuzifikiria kama ngazi 21 za kupanda moja baada ya nyingine. Zifikirie kama maeneo matatu. Spoketi ya kati, ile ya meno 34, ndiyo ya maisha ya kila siku: kwa mizunguko 70 kwa dakika inakupa mwendo wa kilomita 10 hadi 21 kwa saa, kutegemea uko wapi nyuma. Hiyo pekee inatosha kwa safari yako nzima ya Nzuguni hadi Mtumba, unabadilisha kwa mkono wa kulia tu. Spoketi ndogo ni ya kupanda, ya mchanga na ya mzigo. Spoketi kubwa ni ya kuteremka na ya jioni upepo ukiwa mgongoni. Mkono wa kushoto hauguswi mara nyingi, na ukiguswa ni kwa sababu barabara yenyewe imebadilika.

Isitoshe, hizo 21 si 21 kweli. 24 mbele na 14 nyuma ni 1.71, 34 na 20 ni 1.70. Mguu hauwezi kutofautisha. Vivyo hivyo 42 na 24 ni 1.75. Tofauti ni jinsi cheni inavyokaa. Ukiweka ndogo ya mbele na ndogo ya nyuma, au kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma, cheni inapita mshazari kutoka upande mmoja hadi mwingine. Inasugua pembeni mwa meno, inapiga kelele, inaisha haraka. Zile ndogo mbili zikikutana cheni inalegea na kudundadunda kwenye matuta. Zile kubwa mbili zikikutana inakazwa kupita kiasi, na kama iliwahi kufupishwa inaweza kuunyofoa mkono wa gia wa nyuma, kile chuma kinachoning'inia chini ya friwili. Basi: ndogo ya mbele itumie na zile nne kubwa za nyuma, kubwa ya mbele na zile nne ndogo, na ya kati na zote.

Namna ya kubadilisha ndiyo inayoharibu cheni nyingi zaidi kuliko umri. Cheni huhama ikiwa inatembea, na huhama vizuri ikiwa haijabeba mzigo. Endelea kuzungusha kwenda mbele, punguza msukumo kama kwamba unakanyaga yai, bonyeza mlio mmoja, subiri duara moja cheni ikae, kisha rudisha nguvu. Usibonyeze mara tatu kwa pamoja. Usibadilishe umesimama. Usirudishe pedeli nyuma huku unabadilisha. Ndivyo cheni inavyochomoka. Na kabla ya kusimama kwenye mataa au kupisha daladala inayochomoka kituoni, shusha gia mbili huku bado unatembea, ili kuondoka kusiwe kusukuma mlima. Ukisahau na ukajikuta umesimama kwenye gia nzito, inua gurudumu la nyuma kwa kushika siti, bonyeza, zungusha pedeli kwa mkono. Ni sekunde tano.

Kwenye mpando, hilo la kupunguza msukumo linaonekana haliwezekani, maana ukipunguza unasimama. Dawa ni kuwahi. Badilisha mbele ukiwa bado tambarare, mita 20 hivi kabla ya mwinuko kuanza: sukuma kidogo upate kasi ya ziada, legeza nusu duara, hamisha kutoka 34 kwenda 24, na kwa kuwa gia itashuka ghafla, ongeza moja au mbili upande wa nyuma ili miguu isiruke. Kuanzia hapo unapungua moja moja kwa mkono wa kulia kadiri mwinuko unavyozidi. Anayengoja mpaka miguu ikwame ndipo abadilishe anailazimisha cheni ihame ikiwa imebeba uzito wake wote. Hiyo milio ya kugonga unayosikia ukipanda UDOM, sehemu kubwa ni hii.

Twende na hesabu ya mpando. Chukua mwinuko wa asilimia 5, yaani mita 5 juu kwa kila mita 100 za barabara. Wewe, baiskeli na mkoba mkiwa kilo 90, mwinuko huo unakuvuta nyuma kwa nguvu ya kilo 4.5 muda wote, kabla hujaongeza upepo na msuguano. Kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, kwenye 42 na 14 miguu ingezunguka mara 22 tu kwa dakika, karibu sekunde tatu kwa duara moja, na usukani unayumba. Kwenye 24 mbele na 22 nyuma inazunguka mara 60. Hapo unapumua, unaongea, unafika juu ukiwa umeketi.

Upepo wa Dodoma uchukulie kama mlima usioonekana. Wakati wa kiangazi unavuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, na Mtumba iko mashariki mwa mji, kwa hiyo asubuhi unakutana nao uso kwa uso na jioni unakusindikiza. (Jua nalo vivyo hivyo linakupiga machoni kwenda na kurudi, kofia yenye kikingio ni muhimu kama breki.) Ukisonga kilomita 15 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 15, hewa inakupiga kwa kilomita 30, na ukinzani wake unakuwa mara nne ya siku tulivu. Usijaribu kulinda mwendo wa jana jioni. Linda mizunguko ya miguu, shusha gia moja au mbili, inamisha kifua, kunja viwiko, ukubali kuchelewa dakika kumi. Upepo ukikatika nyuma ya majengo au lori likikukinga, usirukie gia kubwa, maana unarudi baada ya mita chache.

Kwenye njia za mtaa zenye mchanga, ingia ukiwa tayari kwenye gia nyepesi, 24 na 20 hivi, miguu ikizunguka sawasawa, uzito ukiwa nyuma kidogo, usukani umeulegeza. Ukibadilisha ukiwa ndani ya mchanga umechelewa.

Kabla sijaacha magoti: angalia urefu wa siti. Kaa, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Ukikanyaga sasa kwa mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Siti ya chini ikiungana na gia nzito, maumivu huja mbele ya goti, chini ya kifuniko chake. Wengi hapa kwetu hushusha siti ili miguu yote miwili ifike chini wakiwa wamekaa. Ni salama kwa wiki ya kwanza ya kujifunza; baada ya hapo inaumiza.

Sasa ubovu. Kabla ya kumwambia fundi "gia mbovu", tofautisha dalili, kwa sababu kila moja ina chanzo chake. Cheni ikiruka wakati unabadilisha tu, ukiwa unasukuma, kosa ni la namna ya kubadilisha. Ikiruka bila wewe kugusa chochote, hasa ukikaza kupanda, kuna uchakavu. Ikiwa inagongagonga bila kutulia kwenye gia uliyoichagua, ni kebo. Ikichomoka na kuanguka ndani kwenye spoku au nje kwenye fremu, ni skrubu za mpaka, au mkono wa gia umepinda. Mkono wa gia ninaousema ni kile chuma kinachoning'inia chini ya friwili chenye vigurudumu viwili vidogo vya meno.

Anza na kupima cheni, kwa sababu kurekebisha vingine vyote juu ya cheni iliyochakaa ni kupoteza muda. Chukua tepu ya chuma, si ile ya fundi nguo ambayo inanyooka. Usianzie kwenye ncha, maana ile ndoano ya ncha inacheza. Weka alama ya inchi 1 katikati ya pini moja, vuta cheni ikaze, usome kwenye inchi 13. Inchi 12 za cheni mpya zinaishia katikati kabisa ya pini nyingine. Pini hiyo ikiwa imevuka alama kwa milimita 1.6, yaani moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni sasa hivi, utaokoa friwili. Ikivuka kwa milimita 3, cheni imekwisha na karibu hakika imeyala meno ya friwili. Hapo ukiweka cheni mpya peke yake itaruka kuliko ya zamani, na watu humlaumu muuza spea bure: cheni mpya ina hatua fupi, meno ya zamani yamelika na kutanuka yakifuata cheni ndefu, haviendani. Vinunuliwe pamoja.

Kwa kuwa umetembelea ile ya meno 14 kila siku, itazame hiyo kwanza. Jino zima limesimama pande zote mbili sawa. Lililokwisha limelala upande mmoja, linafanana na pezi la papa.

Dukani taja kwamba unataka cheni ya gia 6, 7 au 8. Ni aina moja. Ya Phoenix na ndugu zake ni nene zaidi, upana wake wa ndani ni moja ya nane ya inchi wakati yako ni tatu ya thelathini na mbili. Ile nene inaingia kwenye meno vizuri, ndiyo maana fundi asiye makini huiweka, lakini inasugua spoketi za jirani na haihami. Urefu nao ulinganishe na cheni ya zamani kwa kuhesabu vipande, si kwa kuzining'iniza sambamba, kwa sababu ya zamani imerefuka. Na friwili ikitolewa, itolewe kwa kifaa chake chenye meno kinachoingia katikati, kifaa kikigeuzwa kinyume cha saa. Friwili hujikaza yenyewe kila unapokanyaga, hivyo itakuwa imekaza sana. Patasi na nyundo vinaharibu habu, kile kitovu cha gurudumu.

Cheni ikiwa nzima, nenda kwenye kebo. Vumbi letu linaingia kwenye ganda la waya, linachanganyika na oili ya zamani, linakuwa kama ulimbo. Dalili yake: gia inapanda kwenda spoketi kubwa kwa sababu wewe unaivuta, lakini inagoma kurudi kwenye ndogo, maana kurudi kunategemea springi tu. Chomoa waya, ufute, utie tone moja la oili nyepesi, rudisha. Kama nyuzi zimeanza kukatika au ganda limevunjika kwenye kona, weka vipya.

Kisha kaza kwa kipimo. Weka mbele kwenye 34, nyuma kwenye ndogo kabisa. Inua gurudumu la nyuma, zungusha pedeli kwa mkono, bonyeza mlio mmoja. Cheni inapaswa kuhamia meno 16 mara moja na kukaa kimya. Isipopanda, au ikipanda kwa kusitasita, kizungushe kile kitufe chenye mikunjo ambapo kebo inaingia kwenye mkono wa gia, nusu mzunguko, kinyume cha saa, kama unakifungua: kebo inakaza. Ikivuka 16 ikagusa 18, zungusha kwa kufuata saa. Nusu mzunguko kila mara, jaribu, kisha nyingine. Mtu anayezungusha mara tano kwa pamoja hatajua alipita wapi. Ukimaliza kitufe chote bila mafanikio, kirudishe ndani, legeza nati inayobana kebo, vuta waya kwa mkono uondoe ulegevu, bana, anza upya.

Skrubu za mpaka ni mbili ndogo zilizo jirani kwenye mkono wa nyuma, zimeandikwa H na L. H inazuia cheni isivuke spoketi ndogo kuangukia fremu. L inazuia isivuke kubwa kuangukia spoku. Ukizikaza kwa kufuata saa, mkono unapewa nafasi ndogo. Simama nyuma ya baiskeli: cheni ikiwa kwenye 14, kigurudumu cha juu cha mkono kiwe chini yake kabisa, kwenye mstari mmoja; ikiwa kwenye 28, vivyo hivyo. Robo mzunguko inatosha kuleta tofauti. Hii ya L usiidharau. Cheni ikiingia kati ya friwili na spoku ukiwa unapanda, inakata spoku, inanyofoa mkono, na gurudumu linakwama papo hapo.

Ukiwa hapo nyuma, angalia pia kama vile vigurudumu viwili vimesimama wima sambamba na spoketi. Vikiwa vimeinama kuelekea spoku, baiskeli iliangushwa upande wa kulia na sikio la fremu linaloshika mkono limepinda. Kwa baiskeli ya mtumba iliyosafiri imerundikwa na nyingine, hili ni la kawaida mno, na hakuna skrubu itakayolitibu. Fremu ya chuma ambayo sumaku inaishika, fundi anaweza kulinyoosha sikio taratibu kwa spana kubwa. Fremu ya alumini, sumaku haishiki, asilazimishe. Likivunjika ni hasara ya fremu, isipokuwa sikio ni la kufungua kwa skrubu, ambalo hubadilishwa lenyewe.

Oili: tone moja kwenye kila kipande cha cheni, upande wa ndani, vipande kama 110 hadi 116. Zungusha pedeli kinyume dakika moja ipenye, kisha futa kwa kitambaa mpaka nje paonekane pakavu. Oili inayofanya kazi ni ile iliyo ndani ya pini. Ya nje kazi yake ni kukusanya mchanga. Grisi usiweke kwenye cheni. Oili chafu ya injini, ambayo hutolewa bure gereji, ina unga wa chuma ndani yake. Mafuta ya kupikia yanaganda na kunata. Oili ya cherehani inafaa, ila ni nyepesi, kwa hiyo wakati wa kiangazi futa na kutia kila wiki. Na mvua zikianza, Desemba kuendelea, futa tope siku hiyohiyo kabla halijakauka kwenye vile vigurudumu.

Narudi kwa fundi wako, kwa sababu wazo lake halikutoka hewani. Phoenix haina mkono, haina kebo, spea zake zipo kila soko, na mtu wa maji au mkaa inamfaa. Hata hiyo inaweza kulainishwa: ukitoa friwili ya meno 20 ukaweka ya 22, inakuwa nyepesi kwa karibu asilimia 9 bila kugusa kingine, ila cheni itahitaji kuongezwa au gurudumu kusogezwa mbele. Lakini wewe unapanda UDOM kila wiki na unakwenda Mtumba dhidi ya upepo. Gia moja haitoshi kwa yote mawili. Mwambie apime cheni kwanza, kisha sikio, kisha kebo, kisha skrubu, kwa mpangilio huo.

Kama friwili na krenki zote zimekwisha na fedha haipo mwezi huu, afunge gia moja kwa muda, ila isiwe 42 na 14. Achague 34 mbele na 18 nyuma, au 16 kama 18 imelika. Na asiutupe mkono wa nyuma. Angalia pale ekseli ya gurudumu inapoingia kwenye fremu: ya Phoenix imelala, gurudumu linavutwa nyuma ili cheni ikaze, ya kwako huenda imesimama wima, gurudumu haliwezi kusogea hata kidogo. Mkono ukitolewa, cheni itakuwa fupi kwa pini moja au ndefu kwa pini moja, haitakaa sawa. Aondoe kebo tu, akaze H mpaka mkono usimame chini ya spoketi aliyoichagua, auache ubaki pale ukivuta cheni.